Siku Jabali Alipotaka Kulala

Kinyozi huyu hakuitwa Jabali kwa ajili ya ukubwa wa mwili. Jina alipewa na ndugu zake siku waliyomzika baba yao. Yeye, kifungua mimba, alisimama makaburini macho makavu, akigawa kazi kama msimamizi wa ujenzi: wewe shika sepetu, wewe lete maji, wewe nyamaza, watu wanatutazama. Wapo waliomsifu, na wapo walionong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Kesho yake alirudi kibandani kwake, akachomeka mashine, akanyoa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akaingia mzee asiyemfahamu, akataka kunyolewa ndevu tu. Jabali akampaka povu. Mzee akainua kidevu, akafumba jicho moja, akasema, "Taratibu hapo kooni, mwanangu. Ndiyo njia ya chakula."

Marehemu baba yake alikuwa akiinua kidevu vivyo hivyo kila Jumapili Jabali alipomnyoa, na kufumba jicho hilohilo.

Jabali akauweka wembe mezani. Kilichofuata hakikuanzia machoni, kilianzia tumboni. Alilia hadi akaketi sakafuni juu ya nywele za watu. Mzee alijifuta povu mwenyewe, akamsogezea maji. Kilio kilipotulia alisema tu, "Funga, ukalale. Ndevu hazina haraka."

Jabali akaenda nyumbani kichwa kizito, macho yamevimba kama mtu aliyetoka kuugua. Kifua, hata hivyo, kilikuwa chepesi, na wepesi huo ulidai kitu kimoja tu: kitanda. Mkewe alimtazama usoni mara moja, akashusha pazia.

"Lala, baba watoto. Mimi naenda gengeni."

Jabali hakuwahi hata kugeuka ubavu wa pili. Kuta za kibanda cha kinyozi zina masikio, na zina midomo pia. Hodi ya kwanza ilikuwa ya rafiki yake, fundi redio.

"Nasikia umelia."

"Nimelia."

"Mwanamume hulilia ndani kwa ndani, ndugu yangu. Vaa viatu, twende tukapige soga, usahau."

"Sitaki kusahau. Nataka kulala."

"Asubuhi yote hii?"

Fundi akaketi, akasimulia jinsi yeye alivyowahi kukaribia kulia pikipiki yake ilipoibiwa, akajizuia. Hadithi ilikuwa ndefu, na pikipiki haikupatikana.

Alipoondoka akaja baba mdogo, mdogo wa marehemu. Huyu alianza na pole, akapitia mawaidha, akaishia kuulalamikia mgongo wake mwenyewe, na kuahidi kurudi na shangazi wote. Jabali alipofunga mlango aliutupa mto ukutani. Miezi yote aliyokuwa mkavu hakuna aliyekuja kumjulia hali. Leo anahitaji godoro tu, wamemjaa kama nzi.

Hodi ya tatu ilikuwa ya dada yake, fundi cherehani, mkononi uzi bado umemzunguka kidole.

"Kama umeleta pole, nimeshapewa. Kapu limejaa," alisema Jabali.

"Sikuleta pole. Nimekuja kugombana." Akakaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa. "Kule makaburini uliniambia ninyamaze, kaka. Nikanyamaza. Nimeshona sare za watoto wa watu miezi yote hii huku nikiyameza machozi. Leo nasikia kwa wateja kwamba umelia. Mbele ya mtu baki. Bila mimi."

Jabali alitafuta chozi la kumsindikiza nalo, hakulipata.

"Machozi yamekwisha," alisema. "Ningekuwa nayo ningekugawia. Nilikosea kukunyamazisha."

"Kwa hiyo nilie peke yangu?"

"Lia. Nipo hapa."

Akalia. Jabali alikaa kando yake amemshika bega, mgongo ukimuuma, kope zikimwanguka. Alimhurumia, na papo hapo alikasirika, na hasira ile ikamtia haya. Kilio kilikuwa kirefu. Kilipokwisha, dada alijilaza kitandani kinyumenyume, viatu mguuni, na kabla kaka hajasema neno akaanza kukoroma.

Jabali akakitazama kitanda alichokifukuzia tangu asubuhi. Akaguna. Akamvua viatu, akamfunika shuka, akachukua kigoda na kuketi nje mlangoni.

Haukupita muda baba mdogo akatokea na shangazi wawili nyuma yake.

"Hapana," Jabali alisema, hakuinuka. "Kuna mtu amelala."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Amelia, amechoka. Rudini kesho kutwa."

"Na wewe je?"

"Mimi niko kwenye foleni."

Shangazi mmoja alitaka kubisha. Mwenzake akamvuta kanga, wakaondoka wakinung'unika. Jabali akaegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango, apumzishe macho kidogo tu.

Mkewe alimkuta jioni hapo hapo, mdomo wazi, amelala fofofo, na dada yake yuko jikoni anachemsha chai.

"Umepumzika?" mke aliuliza.

"Sijui," alisema Jabali, akijaribu kugeuza kichwa kikakataa. "Shingo imekuwa kuni."

Kibanda hakikufunguliwa kesho yake.