Unywele Mmoja Juu ya Dunia

Kwa miaka kumi na tisa mama mmoja alifuta vumbi katika chumba cha kuungia setilaiti, na humo hata chafya ilikuwa kosa la kuandikiwa barua. Kazini walimwita Bibi Vumbi. Nyumbani kwake wageni walivua viatu nje na, wakizubaa, walivuliwa hata soksi.

Basi setilaiti ya mwisho ikapaa, na katika wiki ya tatu chombo kikaanza kupotea njia. Kamera yake hujua njia kwa kutazama nyota. Sasa ilikuwa ikigeukia nyota isiyokuwemo katika ramani yoyote. Mhandisi mkuu akawaita wafutaji wake wawili, akawasha skrini. Katikati ya giza palikuwa na mstari mweupe, umepinda, umefifia.

"Uchafu wetu huo," alisema. "Huku chini vumbi huanguka. Kule halina pa kuangukia, linaandamana na chombo tu." Akamgeukia mfutaji wa pili, baba wa watoto wanne. "Ndevu, hizo ndevu zako nilishazisema. Leo ndiyo mwisho wako hapa."

Ndevu akajishika kidevu kama aliyeibiwa. "Bosi, hizi zimeshindwa kufika masikioni, zitafika angani?"

Hakuna aliyecheka. Bibi Vumbi aliukodolea macho mstari ule. Siku ya kufunga chombo alikuwa amesuka nywele jana yake, kichwa kinamwasha kama kimemwagiwa upupu. Alipenyeza kidole chini ya kofia mara moja. Mara moja tu! Na tangu hapo, kila mara chombo hicho kinapopita juu ya mji, kichwa humsisimka mahali palepale, kama mtu anauvuta unywele taratibu.

Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

"Mwache baba wa watu," akasema. "Ni wangu."

"Unajuaje, mama?"

"Mtu hukijua chake."

"Dada, nyamaza," Ndevu alinong'ona, akimkanyaga chini ya meza. Lakini Bibi Vumbi alishakivua kitambulisho cha mlangoni, akakiweka mezani. Mhandisi akakichukua, akakitia mfukoni.

Picha mpya ikaingia. Nyota tupu, kila moja mahali pake.

"Unywele umeondoka!" Ndevu akashusha pumzi.

"Kamera inatazama mbele tu," mhandisi alisema polepole. "Huenda uko nyuma."

Bibi Vumbi alizishuka ngazi akiwa hana kazi tena, kichwa kikimsisimka mahali palepale, na kwa mara ya kwanza maishani aliogopa kugeuka nyuma.