Kanda Isiyo na Mwimbaji

Juzi, kwenye meza ya muuza vitu chakavu mtaani Kiseke, niliona kanda yenye maandishi ya Kirusi, nikasikia tena harufu ya pasi ya mkaa. Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akiwafulia marubani Warusi wa ndege za kubeba minofu ya samaki, na mmoja alimpa kanda ya piano ya mtunzi wa kwao. Mchana alioileta nyumbani nilikaa karibu na redio nikimngoja mwimbaji, lakini kila wimbo ulikuwa mfupi, uliisha kabla hajaingia.

“Mama, anakuja lini?”

Mama alikuwa akinyoosha shati la baba, ambaye alikuwa amevuka kwa kivuko cha Busisi kwenda kutafuta dhahabu Geita, na tangu hapo hatukupata habari zake.

“Haji,” alisema. “Usimngoje.”

Siku hizi najua piano ile haikuwa na mwimbaji, na najua mama alimaanisha nani. Siku ile niligeuza kanda upande wa pili, nikaendelea kungoja.