Kovu la Marehemu

Juzi nilikuwa studio moja ya Mafiga, nikisubiri kupigwa picha mpya ya safu hii. Mzee mmoja kutoka Kinole akaja kwa binti wa studio kuchukua picha ya marehemu mkewe, iliyokuzwa na kutiwa fremu. Aliitazama, kisha akapitisha kidole gumba juu ya kioo, shavuni.

"Binti, kovu lake liko wapi?"

"Nimelitoa, babu, na uso nimeung'arisha kidogo. Siku hizi wote wanataka wafanane na wale wa kwenye televisheni."

"Huyu ni mzuri," mzee akasema taratibu, "lakini simjui. Nirudishie mke wangu."

Binti akainamia kompyuta, akalirudisha kovu. Zamu yangu ilipofika, aliniuliza makunyanzi ayatoe au ayaache.

Mkiona picha ya hapo juu imezeeka ghafla, msinipe pole.