Mageuzo Yasiyo na Marejeo

Shangazi yangu alikuwa mwalimu msaidizi wa hisabati chuoni, na hofu ilimwingia asubuhi moja nyumbani kwake akiwa ameshika shuka.

Jioni iliyotangulia mvua ilikuwa imevuja katika chumba cha wavulana. Watoto walikuwa na vyumba viwili, kila kimoja kikiwa na vitanda viwili: mabinti wawili huku, wavulana wawili kule. Shangazi akatoa amri kama sajini: mabinti wabanane kitanda cha dirishani, wavulana wabanane kitanda cha mlangoni, wote chumba cha mabinti. Walisukumana, wakacheka, wakalala. Asubuhi, akitandua, alisimama ghafla. Mumewe, fundi wa majokofu, akamtania kwamba shuka haijikunji yenyewe. Aliketi sakafuni.

Nilikuwa naishi kwao nikisoma, kwa hiyo alinieleza mimi. Tasnifu yake ya udaktari ilihusu nusukundi za mageuzo, jina linalotisha kuliko jambo lenyewe. Mageuzo ni amri inayokiambia kila kitu kiende wapi, hata kama viwili vitaishia mahali pamoja. Fuata amri moja, kisha nyingine, umepata amri ya tatu. Ukoo wa amri za namna hiyo ndio nusukundi. Yeye aliuliza kama kila amri ina ya kuirudisha. Hakutaka kila mtu afike kwake, maana waliokwisha kubanana kitanda kimoja hawatenganishwi na amri inayoona vitanda tu. Alitaka hivi: nenda, rudi, nenda tena, na kila mmoja ajikute pale pale alipofika mara ya kwanza. Bila masharti, amri hiyo ya kurudi haikosekani. Lakini ukoo aliouchunguza ulikuwa na sharti: walio chumba kimoja wasipelekwe vyumba tofauti. Sura ya tatu ilidai kwamba hata humo kila amri ina marejeo, yaani amri yake ya kurudi.

"Angalia," aliniambia, akigonga ukingo wa kitanda. "Wa dirishani lazima arudi chumba cha mabinti. Wa mlangoni lazima arudi chumba cha wavulana. Lakini sasa hivi wako chumba kimoja, na sharti linakataza kuwatenganisha. Ile amri ya kurudi niliiazima nje ya ukoo. Humu ndani haipo."

Sura mbili za mwisho zilisimama juu ya hiyo. Utetezi wa tasnifu ulikuwa wiki ileile, na mkataba wake wa kazi ulikuwa unafikia ukingoni. Bila shahada usingeongezwa.

Alikwenda kwa Profesa, msimamizi wake, akarudi midomo imemkauka. Profesa alikuwa amefunga mlango, akamwita "binti yangu," akamwambia watahini husoma utangulizi na hitimisho, asijichongee. Damu yangu ilichemka, na bado inachemka. Chuo kinachomlipa mtu atafute ukweli, kisha kinamnong'oneza aufukie, kina haki gani ya kujiita chuo? Nilimwambia hivyo.

"Wewe una hasira kwa sababu huna watoto, baba," alijibu.

Hakula vizuri tena. Simu ikilia alishtuka, vikombe vilimponyoka, watoto wakajifunza kufunga milango polepole. Alifanikiwa kuthibitisha ni amri zipi hasa zenye marejeo: zile ambazo, kwa kila chumba, vitanda vyote vilivyopata watu humo vingeweza kujazwa na watu wa chumba kimoja tu cha awali. Lakini sura mbili za mwisho hazikushoneka.

Siku ya utetezi Profesa aliketi mbele, hamtazami. Shangazi angeweza kuipita sura ya tatu kwa sentensi moja. Nilimwona akiikaribia, nikajua yeye mwenyewe hajui atafanya nini. Chaki ilivunjika mkononi. Akaokota kipande, akachora vyumba viwili, vitanda vinne na mishale.

"Sura yangu ya tatu si kweli," alisema. "Kosa ni hili."

Mtahini kutoka nje, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia, aliuliza ni nani aliyeligundua. Shangazi akasema ni yeye, akitandua vitanda. Mtu akacheka nyuma, akakatiza kicheko.

"Na sura ya nne inabaki na nini?" yule mama aliuliza.

"Sijui bado."

Tulitolewa nje. Koridoni alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikauma. Walipomwita tena, uamuzi ulikuwa kwamba tasnifu irudishwe, iandikwe upya kwa muda wa mwaka. Mkataba usingefika huko.

Mlangoni yule mama alimwambia kwa sauti ndogo, "Niliisoma sura ile mara mbili. Sikuliona."

Shangazi alimshukuru. Tulipofika kwenye ngazi ndipo alipozungumza.

"Ningepita," alisema. "Hakuna ambaye angejua."

Kisha akashuka mbele yangu, kiganja ukutani, kwenda kumwambia mumewe.