Kitufe cha Mzee wa Maabara

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo, waulize wenzangu wa maabara. Lakini huyu binti wa chumba cha kompyuta, tunayemwita Bi Taratibu, nampenda kama mwanangu wa kumzaa, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Jina alijitafutia mwenyewe. Ukimpigia simu unafoka kwamba kompyuta imegoma, neno lake la kwanza ni hilo: "Taratibu, mzee." Basi hapo ndipo unazidi kufoka.

Mikono yangu inatetemeka. Ilianza mwaka juzi, wa kulia kwanza. Macho yangu hayana neno, na damu nimeisoma miaka ishirini na tisa. Shida ilikuwa kitufe. Mashine ikishapima, majibu yanatokea kwenye dirisha la kompyuta. Nayakagua, kisha nabofya "Tuma" yaende wodini. Papo hapo linafunguka dirisha la mgonjwa anayefuata, kitufe kikiwa palepale. Sasa kidole kikitetemeka kinabofya mara mbili, na mbofyo wa pili unatuma majibu ya yule wa pili kabla sijayatupia hata jicho.

Yalitokea mara nne. Mara ya nne mkuu wa maabara aliniita, akafunga mlango, akaniambia huku anatazama kalenda: yakitokea tena kabla ya mwisho wa mwezi, nahamia stoo kupanga glavu. Mimi! Stoo!

Kesho yake Bi Taratibu akaja na kiti chake. Alikaa ubavuni kwangu siku mbili nzima, anaangalia mkono wangu na kuandika kwenye daftari.

"Unanichora?" nikamuuliza.

"Nahesabu, mzee. Kati ya mbofyo na mbofyo haifiki hata nusu sekunde."

Nikamwambia basi avifanye vitufe vyote vingoje, tumalize kazi. Akatikisa kichwa. Vitufe vyote vya hospitali, akasema, vimezaliwa na kitufe kimoja, kitufe mama. Vya mapokezi, vya duka la dawa, vya chumba cha upasuaji, vyote vinarithi kwake.

"Nikimgusa mama, wote wanabadilika. Mapokezi wana foleni mpaka nje, nikiwachelewesha watanitoa roho. Nitakuzalishia mtoto mmoja, wa dirisha lako tu. Atarithi kila kitu cha mama yake. Tofauti ni moja: akishabofywa, anaziba masikio sekunde mbili."

"Kiziwi kama babu yake," nikasema. Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Halafu akaacha kucheka. "Mzee, kuna jambo. Yale makosa manne, mimi ndiye niliyeyaona kwenye kumbukumbu za mfumo. Na mimi ndiye niliyempelekea mkuu ripoti."

Nilimnunia siku tatu. Salamu zake niliziitikia kwa puani. Yeye wala hakujali, akaendelea kuja kila asubuhi na kuniamkia vilevile.

Siku ya nne kitufe kikawa tayari. Nikabofya. Kikabonyea vizuri, kikaziba masikio yake, lakini dirisha jipya halikufunguka. Nikangoja, nikabofya tena. Kimya. Mara simu ya wodi ya watoto ikalia: majibu ya yule mtoto aliyeishiwa damu yako wapi, daktari anayasubiri ndipo amwongezee. Nikamsomea muuguzi majibu kwenye simu, tarakimu moja moja, naye akayarudia. Kisha nikampigia yule binti.

"Kumbe umekuja kunimaliza kabisa!"

Akaja mbio, kamba za kiatu zinaburuta. Safari hii hakusema "taratibu". Akapitia mistari yake ya programu, akajipiga paji la uso.

"Kosa ni langu. Kazi ya kutuma anaijua mama. Mtoto akishamaliza lake, alitakiwa amwite mama aendelee. Nilisahau kumwambia amwite."

Akaongeza mstari mmoja. Mmoja tu, jamani! Nikabofya, majibu yakaenda, dirisha jipya likafunguka, na kidole kikatetemeka juu ya kitufe bila kudhuru mtu.

Kabla hajainuka akafungua ripoti ya makosa ya maabara, akaandika: tarehe, saa, majibu yamechelewa dakika kumi na moja, kosa la mtengeneza programu. Akaweka jina lake.

"Nani angejua?" nikamuuliza.

"Mtoto alikuwa anasubiri damu, mzee."

Kinyongo kikaniisha palepale. Niliona aibu, sifichi.

Mwisho wa mwezi mkuu akatuita wote wawili, akaisoma ripoti kwa sauti. Tangu anionye, upande wangu hakuna kosa. Upande wake moja. Akasema nibaki kwenye meza yangu. Nilitoka nimejikaza kiume, kumbe machozi yananilengalenga.

Kwenye korido nikamshika mkono. Wangu ukatetemeka ndani ya wake, nami sikuuondoa.

"Mwanangu, hii mikono haiponi. Daktari kasema itazidi."

"Najua, mzee."

"Siku kitufe kikishindwa, utafanyaje?"

"Nitaandika ripoti."

"Andika. Ila uniambie mimi kwanza, kabla ya mkuu."

"Nitakuambia wewe kwanza, baba," akasema.