Sauti Kavu ya Katibu

Mama Jaël alikuwa katibu wa umoja wa akina mama kanisani kwetu huku ughaibuni, Langley Park, kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwonea wivu. Kazi yenyewe ni kuandika muhtasari na, kila mkutano, kusimama na kusoma ajenda kwa sauti huku Warundi, Wakongo na sisi Wakenya tukikatizana maneno. Kisha presho ya macho ikamnyang'anya jicho moja, halafu la pili. Akaacha kazi yake ya kuhudumia wazee. Ghafla watu wakagundua kwamba ukatibu ni kazi nyeti, haifai kuachiwa kipofu.

Nami nilikuwa mmoja wao, niseme ukweli. Mwenyekiti wetu, Mama Akimana, alinipigia simu nikiwa kwenye gari narudi nyumbani Germantown, akaniuliza kama naona vibaya tukichagua katibu mpya mkutano ujao. Nikasema, "Sawa tu." Foleni ilikuwa ndefu, na nilitaka akate simu.

Ile "sawa tu" ilinikaa rohoni wiki nzima. Mimi natengeneza programu za kompyuta, ndiyo kazi inayonilisha, na najua kwamba asiyeona anaweza kusoma kwa programu inayomtamkia kilichoandikwa kwenye simu. Jumamosi nikaenda kwake. Nikakuta simu inamsomea Kiswahili kwa sauti ya Kizungu, maneno yanatoka yamevunjika vunjika, hata mimi ninayeona sikuambulia kitu.

"Jaël ndiye ananisomea," aliniambia. "Lakini iko anachagua. Kila kitu kibaya anaruka. Ananihurumia, lakini miye niko mutu muzima, Chelagat."

Jaël, bintiye wa miaka kumi na saba, akajibu kutoka jikoni, "I don't skip, Mom. I summarize."

Nikaahidi kwamba kabla ya mkutano atakuwa na sauti ya Kiswahili inayoeleweka. Nilikuwa na wiki tano. Kwamba kwenye mkutano huo kiti chake kingepewa mtu mwingine, sikumwambia. Nilijidanganya kwamba nikimaliza mapema jambo lenyewe litakufa kimya kimya.

Nilianza kwa mbwembwe. Nilimwomba Anysie, anayeongoza kwaya, anisomee sentensi mia tisa. Tulirekodi ndani ya kabati lake la nguo ili kelele za ujenzi wa reli zisiingie, yeye katikati ya makoti, mimi nje nimeshika kompyuta. Nikaifundisha kompyuta kwa rekodi hizo, ikatoka sauti tamu, inayovuta pumzi na kutua kwenye mkato kama mtu. Niliisikiliza kazini mpaka machozi yakanilenga. Mama Jaël alipoisikia alipiga makofi. "Merci sana, binti yangu. Iko muzuri kabisa."

Wiki mbili baadaye nilimtembelea bila taarifa. Simu yake ilikuwa inaongea kwa sauti kavu ya mashine, ile ya Kiswahili ya bure niliyomwekea kwa majaribio kabla ya ya Anysie, tena kwa kasi ambayo sikushika hata neno moja. Sauti ya Anysie alikuwa ameizima siku ile ile niliyoondoka. Zawadi haikataliwi, basi akaipokea na kuiweka kando, kama shuka la harusi.

Nilikasirika, tena sana. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ungelia," alisema. "Sikiliza. Weye ukishika karatasi, jicho linakimbia, linatafuta kile unataka. Sikio langu nalo inafaa likimbie. Anysie anaimba. Nikimuongezea vitesse, akimbie, anakuwa uji. Hii mashine haina urembo, lakini ikikimbia, kila neno linabakia na mifupa yake."

Basi nikaacha urembo. Jumamosi zilizobaki tulikaa mezani, yeye akisikiliza kwa kasi na kunionyesha pale sauti inapomeza herufi, mimi nikirekebisha kanuni za matamshi moja baada ya nyingine: tarehe, saa, majina ya Kifaransa katikati ya Kiswahili. Jaël alisema ile sauti inatisha. Mama yake akaweka kifaa cha sikio upande mmoja na kufanya mazoezi: simu inasema, naye anasema nyuma yake, neno moja nyuma, bila kusita. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi ngumu namna ile huku anamenya viazi.

Jumapili ya mkutano, mwenyekiti alituma ajenda kwenye kundi la simu asubuhi, kama kawaida. Nikaisoma nikiwa kwenye maegesho ya kanisa. Namba nne ilikuwa ile ya katibu mpya. Nilikuwa bado na muda wa kumwambia Mama Jaël kabla hajaifungua mbele ya watu, na sikumwambia. Niliogopa.

"Leo Anysie atatusomea ajenda," alisema Mama Akimana baada ya sala.

Mama Jaël akasimama. "Mwenyekiti, samahani. Katibu bado ni miye."

Akaweka kifaa sikioni. Alisoma namba moja, mbili na tatu vizuri, bila haraka, uso ameuelekeza kwetu. Wanawake waligeukiana wakitabasamu kwa mshangao, isipokuwa sisi tuliokwisha kuisoma na kujua kinachofuata. Mwenyekiti alinyoosha mkono kumzuia, lakini mkono hauonekani kwa asiyeona.

"Nne," alisoma. "Kuchagua katibu mupya, kwa sababu Mama Jaël haoni tena na hawezi kusoma."

Nikaona kidole chake kinarudisha simu nyuma. Akasikiliza tena, kisha akasoma namba nne mara ya pili, neno kwa neno, sauti ile ile.

"Nimesoma," alisema. "Mwenyekiti, kwenye muhtasari niandike nani alikubali hii?"

Mama Akimana alitazama sakafu. Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Mwezi mzima nilikuwa nimemtengenezea huyu mama sauti, na yangu mwenyewe nilikuwa nimeificha. Nikanyoosha mkono, nikakumbuka haoni, nikasimama.

"Mama, andika Chelagat. Niliulizwa kwa simu, nikasema sawa."

Akainamia simu, vidole vikaanza kutafuta herufi za jina langu moja moja, huku mashine ikimtajia sikioni.

"Chelagat," alisema. "Nimeandika. Na mwingine?"