Alama ya sikio la ng'ombe

Leo nimepata mteja wangu wa kwanza, na nimefunga ofisi nikalie.

Mnajua mlivyonicheka nilipomaliza sheria nikasema nitasajili alama za biashara hapa Kericho.

Asubuhi gogo mmoja, ndivyo tunavyomwita bibi mzee huku, akaingia, ametoka Kimulot. Alikuwa amesomewa kibao changu: "Linda alama yako."

Akatoa karatasi. Nikadhani ni lebo ya majani chai. (Wueh, vile nilifungua kompyuta!)

Kumbe amechora sikio la ng'ombe, lenye mikato miwili.

"Hivi ndivyo baba alikuwa anakata ng'ombe zetu masikio, zijulikane. Miaka ya hamsini mzungu wa shamba la chai alichukua zote. Nilikuwa msichana."

Nikamweleza polepole kwamba alama zangu ni za pakiti na chupa tu.

Akaniuliza:

"Ulisomea alama miaka mingapi?"

"Mitano, gogo."

"Na hawakuwafundisha kurudisha ng'ombe?"

Jamani, nyinyi mngemjibu nini?

Karatasi ameniachia. Amesema macho yake yameisha, labda mimi nitaziona hizo ng'ombe.